Maneno Ambayo Gregory Hakuyasema

Imakulata alikuwa mkunga katika zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa upande wa Newala, karibu na pale uwanda unapokatika ghafla na kushuka kuelekea bonde la Ruvuma. Mumewe, Gregory, alifia huko bondeni mwaka 1972. Alikuwa ameshuka kupalilia mpunga. Vita ya Msumbiji wakati ule ilikuwa imekwisha kuvuka mto, na mabomu yalitegwa hata kwenye njia za wakulima. Gregory alikanyaga moja. Watu wa huko chini wakamzika siku ileile kwa sababu ya joto na kwa sababu ya hofu, na habari ikapanda mlima baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Kwa hiyo Imakulata hakuuona mwili wa mumewe. Hakutupa hata kiganja cha udongo. Alibaki na binti yao mdogo, Claudia, na mama mkwe wake, Mama Bibiana, na maswali yasiyomwacha: Gregory alikufaje? Alikuwa peke yake? Alisema nini? Kila aliyemwuliza alijibu kwa pole tu.

Mwaka uliofuata, nyumba za kijiji kipya zikiwa bado zinanuka udongo mbichi, alikuja mwanamume mmoja aitwaye Apolinari. Alisema ni mkimbizi kutoka upande wa Mueda, kwamba alikuwa katekista huko, na kwamba ndege za Wareno zilimwulia mke na watoto. Watu walimhurumia, nani asingemhurumia? Alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Wagonjwa wakizidiwa alikuja kusali nao bila kuitwa. Padre Basil, aliyekuwa akija kusoma Misa kijijini mara chache kwa mwezi kutoka misheni, alimshukuru Mungu kwa kupata msaidizi, akamruhusu aongoze ibada ya Jumapili siku ambazo yeye hayupo.

Siku moja mchana Apolinari alimkuta Imakulata nyuma ya zahanati akichemsha mikasi na sindano. Akasimama pembeni, akitazama mvuke.

"Mama Claudia," akasema hatimaye, "kuna jambo limenilemea. Nimesali juu yake, na kila nikisali naambiwa nikueleze."

"Jambo gani?"

"Mimi nilikuwapo mumeo alipofariki."

Imakulata alikaa chini, palepale kwenye vumbi.

Apolinari alieleza kwamba siku ile alikuwa na kundi la watu waliokuwa wakibeba mizigo kwenda mtoni. Wakasikia mlipuko. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza, akakilaza kichwa cha Gregory mapajani mwake. Alilitaja shati la kijani alilokuwa amelivaa. Alilitaja jina ambalo Gregory alimwita mkewe wakiwa ndani kwao tu, Imaku.

"Akaniambia hivi: 'Mwambie Imaku asikae peke yake. Mungu atamletea mtu, naye amfungulie mlango.' Akafumba macho. Hakuteseka."

Imakulata alilia mpaka maji yale ya kuchemshia yakakauka jikoni na mikasi ikaungua. Usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu msiba. Asubuhi alimwambia Mama Bibiana kwamba mwanawe hakufa peke yake, na wakashikana mikono wakasali rozari. Lile neno la kufunguliwa mlango hakumwambia. Apolinari alikuwa amemwonya kwamba neno la marehemu halitangazwi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, na huo upole ndio uliomfanya aamini. Apolinari hakumwomba chochote. Alimpelekea kuni. Alimfundisha Claudia nyimbo. Hakuwahi kumgusa, na Imakulata aliliona hilo nalo kuwa ushahidi. Siku alipomwambia kwamba Mungu amemwonyesha kuwa yeye ndiye yule mtu wa kufunguliwa mlango, Imakulata alikuwa amekwisha kulifikiria kabla yake. Akafunga siku kadhaa, akasali, akasikia moyo umetulia. Akasema ndiyo.

Aliyekuwa na mashaka ni Isabela, mfanyakazi mwenzake pale zahanati, ambaye walizoea kushuka pamoja kuteka maji kisimani chini ya kilima.

"Mimi namsikiliza anavyosema Kimakonde," Isabela alimwambia njiani. "Wale wa ng'ambo hawasemi vile. Huyu anasema kama mtu wa Masasi aliyejifunzia sokoni."

"Alilelewa misheni pamoja na Wamakua."

"Sawa. Na kaburi la Gregory umemwuliza liko wapi?"

Imakulata alikuwa amemwuliza, mara moja. Apolinari hakukasirika. Alimtazama kwa huzuni kubwa na kusema, "Kwa hiyo unataka kumpima Mungu?" Imakulata akaona aibu, akamwomba radhi. Na alipomsimulia mashaka ya Isabela, Apolinari alisema taratibu kwamba kuna watu wanaoumia wakiona mwenzao anabarikiwa, tuwaombee. Tangu hapo Imakulata akawa anakwenda kuteka maji kwa wakati mwingine, ili asikutane na rafiki yake njiani.

Alimpa Apolinari koti la Gregory. Kisha akampa baiskeli ya Gregory.

Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani Jumapili ya kwanza, yakasomwa Jumapili ya pili. Siku hiyo ya pili alikuwapo mama mmoja wa Lupaso, upande wa Masasi, aliyekuja kumwona dada yake aliyejifungua. Alilisikia jina la bwana harusi, akamtazama vizuri alipokuwa akiongoza nyimbo, asiseme kitu. Akarudi kwao.

Siku chache kabla ya tangazo la tatu, jua likiwa la utosi, mwanamke mwembamba mwenye mtoto mgongoni alibisha hodi kwa Imakulata. Khanga yake ilikuwa imejaa vumbi la barabara mpaka kiunoni.

"Wewe ndiwe Imakulata mkunga?"

"Ndiye mimi. Karibu. Mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima. Mimi naitwa Severina, natoka Lupaso. Naomba maji kwanza, Dada, halafu tuzungumze."

Alikunywa, akamnywesha mtoto, akaweka kata chini kwa uangalifu kama mtu anayejua maji ya pale yanatoka mbali. Kisha akasema, "Mwanamume unayetaka kuolewa naye ni mume wangu. Huyu hapa ni mtoto wake."

Imakulata alihisi hasira, tena hasira ya kumtetea Apolinari. "Watu wenye jina hilo ni wengi. Huyu ametoka Msumbiji. Mkewe alikufa kwa bomu."

"Ana kovu chini ya sikio la kushoto. Akisali huanza kwa kushusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo."

Imakulata akaketi.

"Sikuja kugombana na wewe," Severina akaendelea. "Ningekuwa na hasira na wewe nisingetembea umbali wote huu. Nimekuja kwa sababu najua alivyonipata mimi. Baba yangu alifia hospitalini, mimi nikiwa mbali. Wiki ya matanga akaja huyu, sisi hatumjui. Akasema alikuwa kitanda cha jirani na baba, na kwamba baba aliacha neno kwangu. Akanionya nisimwambie mtu."

"Neno gani?"

"'Mwambie mwanangu asikae peke yake,'" Severina alisema, akitazama chini. "'Mungu atamletea mtu…'"

"'…naye amfungulie mlango,'" Imakulata akamalizia.

Severina aliinua uso. Wakatazamana. Mtoto alikuwa akichezea kata.

"Basi ni lilelile," Severina akasema.

Imakulata aliichukua kata, akaitundika mahali pake. Akajikaza, akauliza lile alilohitaji kulijua. "Mwaka sabini na mbili, wakati wa palizi, alikuwa wapi?"

"Kwangu. Tulikuwa tunaezeka nyumba. Huyo hajawahi kufika Ruvuma, Dada. Maji mengi anayaogopa."

Apolinari alikuja jioni, jua halijazama, akisukuma baiskeli. Alipomwona Severina barazani alisimama katikati ya uwanja. 

"Mama Claudia, ngoja nikueleze. Huyu mwanamke…"

"Ulisema amekufa."

"Kwangu mimi alikuwa amekufa. Kiroho."

Severina alicheka kicheko kikavu, akampakata mtoto. Imakulata hakutaka habari za mke. Alishuka barazani, akamkaribia Apolinari mpaka akaona jasho juu ya mdomo wake.

"Nijibu moja tu. Gregory. Ulikuwapo au hukuwapo?"

Apolinari aliinamisha kichwa. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ileile ya upole, kama anamfariji mgonjwa. "Ulikuwa unalia kila siku. Watu wote walijua. Mimi nilikuletea neno, ukalala. Kuna ubaya gani hapo? Nani mwingine alikupa usingizi?"

Akageuza baiskeli ya Gregory, akaipanda, akaondoka nayo kwa njia ya Masasi, na koti la Gregory mgongoni.

Severina alilala kwa Imakulata usiku huo na kesho yake akarudi kwao. Alipoagana alisema tu, "Mimi nilikaa naye miaka nikijua, nikiona aibu kusema. Wewe usikae."

Kijiji kilizungumza, bila shaka. Wapo waliomhurumia na wapo waliocheka kwamba mkunga msomi ametapeliwa kwa sala na nyimbo. Lakini maneno ya watu hayakumwumiza kama jambo jingine, ambalo hakuweza kumweleza mtu. Kwa muda wote ule alikuwa akilala na sauti ya Gregory sikioni: Mwambie Imaku asikae peke yake. Aliisikia kabisa, kwa lafudhi ya Gregory. Sasa sauti ile ilikuwa ya Apolinari. Alikuwa amefiwa tena, na safari hii hakukuwa na matanga.

Na kusali alishindwa. Akipiga ishara ya msalaba alimsikia yule mtu akishusha pumzi. Akianza Baba Yetu alisikia inavyoongozwa na yule mtu. Rozari aliitundika ukutani, akaiacha.

Isabela alikuja na ndoo yake asubuhi, kana kwamba hakukuwa na miezi yote ile ya kukwepana.

"Twende maji."

"Isabela, mimi nilikuwa…"

"Najua. Chukua ndoo."

Wakashuka kisimani. Njiani Isabela hakusema hata mara moja kwamba alimwonya. Waliporudi juu, wakipumzika kwenye jiwe, Imakulata akaweka kichwa begani kwa rafiki yake akalia kwa sauti, na wanawake wengine wakapita kando bila kuuliza.

Padre Basil alipokuja kijijini alikwenda kwake kabla hata ya kushukia kanisani. Alikuwa mtu mzima, mnene, aliyekuwa akihema kwa kupanda kilima. Akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka.

"Nimekuja kukuomba msamaha," alisema. "Mtu mwenye sauti nzuri alikuja kunipunguzia kazi, sikumwuliza alikobatizwa wala nani anamfahamu. Nikampa madhabahu yenu. Hilo ni langu."

Imakulata hakutegemea hayo. Akamwuliza lile lililokuwa likimtesa. "Padre, mimi nilifunga. Nilisali. Na moyo wangu ulipata amani, siongopi. Kama hata amani ya sala inaweza kuwa uongo, nitajuaje sauti ya Mungu tena?"

Padre alijifuta jasho. "Amani hiyo ilikuja ulipokuwa unauliza, au ulipoacha kuuliza?"

Imakulata aliitazama rozari ukutani. "Nilipoacha."

"Bikira Maria alimwuliza malaika, 'Litakuwaje neno hili?' Hakukemewa, alijibiwa. Aliyetumwa na Mungu anaweza kuulizwa kaburi liko wapi. Kuuliza si kukosa imani, mwanangu. Yule alikufundisha kuwa ni dhambi kwa sababu alijua swali lako lingemfukuza." Kisha akaongeza, "Na kusali, usijilazimishe maneno. Kaa tu. Mungu hana haraka."

Ilibaki Mama Bibiana. Bibi huyu alikuwa amesikia kwamba ndoa imevunjika kwa sababu bwana harusi ana mke. Hakuwa ameambiwa habari ya Gregory. Isabela alimshauri Imakulata amwachie faraja yake, mzee wa watu, inamdhuru nini? Imakulata alikaa na shauri hilo siku nyingi. Mwishowe akaona kwamba kumwacha mama wa watu na neno la uongo ni kuifanya kazi ya Apolinari kwa niaba yake.

Alimkuta akimenya mihogo. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Claudia. Kaa."

Akamweleza. Mama Bibiana aliendelea kumenya mpaka mwisho, kisha kisu kikasimama.

"Ungeniachia," alisema kwa uchungu. "Mtu mzima kama mimi, ungeniachia."

"Nisamehe, Mama. Nilishindwa."

Bibi alikiweka kisu chini. Halafu akasema, polepole, kama anayeona kitu kikitoka gizani, "Ni mimi niliyemwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Yote. Siku alipofika tu, kabla hajafika kwako. Nilikuwa hapahapa. Akaniuliza, 'Bibi, mbona una huzuni?' Hakuna aliyekuwa akiniuliza tena, watu walishachoka. Nikamwambia shati la kijani. Nikamwambia alivyokuwa akikuita Imaku, mimi nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa nyumba yetu ya zamani. Nilimpa mwanangu mzima mzima, na yeye akamchukua akaenda kumwuza kwako."

Wakalia pamoja wanawake wale wawili, mihogo ikikauka katika ungo. Haikuwa faraja. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu 1972 wamlilie Gregory mwenyewe, si habari zake.

Mwaka 1974 ulipokaribia mwisho, vita ya ng'ambo ikanyamaza. Watu wakaanza kushuka tena bondeni, kwa njia zilizokwisha kukaguliwa. Imakulata aliomba ruhusa zahanati, akashuka na Mama Bibiana, wakipumzika kila palipo na kivuli. Huko chini waliuliza nyumba hadi nyumba, wakaelekezwa kwa mwanamke aitwaye Stamili, Mwislamu, mkulima wa mpunga, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa waliozika.

Zamani Imakulata angeyapokea maneno ya kwanza na kuyabusu. Sasa aliuliza. Ulimwona wewe mwenyewe? Nani mwingine alikuwapo? Alivaa nini? Alizikwa wapi? Stamili alijibu yale aliyoyajua, na yale asiyoyajua alisema hajui. Wala hakuudhika kuulizwa. Alimwita jirani yake, naye akaeleza vilevile, akamsahihisha mahali pawili.

"Alisema neno lolote?" Imakulata akauliza mwisho.

Stamili alimtazama Mama Bibiana, akasita. "Nikwambie kweli?"

"Ndiyo."

"Hakusema. Tulipofika alikwisha fariki. Ilikuwa mara moja tu. Tukamfunika kwa kanzu ya mume wangu, maana shati lilikuwa limeharibika. Mume wangu akasema, huyu ni wa dini nyingine, lakini ni kiumbe cha Mungu, tumwombee kwa tunavyojua. Tukamwombea."

Aliwapeleka kaburini. Lilikuwa tuta dogo lililozungushiwa mawe, na mtu alikuwa akipalilia pembeni mwake miaka yote ile bila kuombwa na yeyote. Mama Bibiana alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo. Imakulata alikaa karibu naye. Hakusali kwa maneno. Alikaa tu, akisikiliza ndege wa mpungani, na katika ukimya ule hakumsikia Apolinari.

Apolinari alirudi katikati ya mwaka 1975, Msumbiji ikiwa imepata uhuru na wakimbizi wakifunga mizigo kurudi kwao. Alikuwa amekonda. Baiskeli haikuwapo, koti lilikuwapo, limechakaa viwiko. Alimkuta Imakulata nje ya zahanati asubuhi, kinamama wajawazito wakiwa kwenye benchi, akapiga magoti mbele yao wote.

"Nimetubu," alisema huku akilia machozi ya kweli. "Nimelala porini, nimefunga. Mungu amenirudisha kwako. Amenionyesha nchi mpya ng'ambo, mimi na wewe tukianza upya. Wewe ni Mkristo, Imakulata. Mkristo husamehe."

Kinamama kwenye benchi wakageuka kumtazama. Imakulata alisikia ule upole wa zamani ukigonga ndani yake. Alishangaa kuona bado una nguvu. Akaufikiria kidogo, kama anavyoshika mshipa wa mgonjwa kabla ya kusema lolote.

"Nimekusamehe," akasema. "Sikusubiri uje. Nilikusamehe kwa taabu, siku baada ya siku, na siku nyingine narudia tena. Inuka."

Apolinari aliinuka, uso ukang'aa.

"Sasa twende kwa Mama Bibiana. Nyumba ni ileile. Umwambie kwa mdomo wako kwamba hukumwona mwanawe, na kwamba maneno yale uliyatunga. Kisha uende Lupaso ukamwambie Severina hivyohivyo juu ya baba yake. Jumapili Padre yupo, useme kanisani, palepale ulipokuwa ukiimba."

Uso ule ukafifia. "Mungu amekwisha kunisamehe. Kwa nini kuyafukua? Unataka kunidhalilisha?"

"Nataka useme kweli. Basi."

"Huo si msamaha."

"Msamaha nimekupa," Imakulata akajibu. "Mlango sikufungulii."

Apolinari alitazama benchi, akatafuta uso mmoja wa kumhurumia. Machozi yalikuwa yamekauka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Imakulata amekuwa na moyo mgumu, kwamba roho ya zamani imemtoka. Imakulata alimsikiliza mpaka akamaliza. Apolinari alipoondoka, Imakulata akaingia ndani, akafunga pazia. Hapo alishika kona ya meza kwa mikono miwili, Isabela akamletea maji, na ikachukua muda kabla hajaweza kumwita mgonjwa wa kwanza.

Mchana huo alimtumia Padre Basil habari, ili parokia zinazofuata zijue mtu huyo ni nani kabla hajaanza kuimba. Severina naye alipelekewa salamu. Alijibu kwamba amepanda mihogo, mtoto anakua vizuri, na kwamba Apolinari alipita Lupaso pia akakuta mlango umefungwa.

Imakulata hakuolewa tena kwa miaka kadhaa. Usiku mwingine aliamka akiwa na hasira kama ya siku ile, akajilaumu, akakaa kitandani mpaka ipite. Watu walipomwuliza kama amepona alisema bado anapona. Lakini wanawake walianza kumjia, wengine kutoka vijiji vya mbali, kila mmoja akianza kwa kuzungukazunguka, kichwa kinauma, mgongo unauma, halafu: kuna mtu, Mama Claudia, anasema Mungu amemwonyesha. Imakulata hakuwaambia la kufanya. Alivuta kigoda karibu, akawauliza, "Umewahi kumwuliza swali? Alikujibu nini?"